Kujenga programu kwa kazi moja moja au kwa kazi nyingi sambamba: ujenzi wetu hufaulu leo na kukataa kesho

Mkazi wa Tudor ameuliza:

Assalamu alaykum, ndugu na dada zangu wa fani hii.

Nafanya kazi katika kikundi kidogo cha watu wanne hapa Mombasa, na tunaandika programu ya C++ ambayo mawakala wa forodha huitumia kukadiria ushuru wa mizigo kabla haijatolewa katika bandari ya Kilindini. Mradi una takriban mafaili 400 ya msimbo, huzaa programu tano, na hujengwa kwa GNU Make 4.3 (chombo kinachosoma kanuni zilizo katika faili liitwalo Makefile na kuendesha amri za ujenzi) juu ya Ubuntu 22.04. Laptopu yangu ina prosesa ya viini vinne na nyuzi nane, pamoja na RAM ya gigabaiti 8.

Nikijenga kila kitu tangu mwanzo kwa kuandika `make` peke yake, yaani kazi moja baada ya nyingine, huchukua dakika 38 na haijapata kukataa hata siku moja. Nikiandika `make -j8`, yaani hadi kazi nane kwa wakati mmoja, huchukua dakika 12, lakini katika kila mara kumi hukataa mara tatu au nne, na linalonitatiza zaidi ni kwamba haikatai kwa namna moja. Wakati mwingine kompaila, yaani programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, hulalamika kwamba faili `viwango.h` halipo. Wakati mwingine faili lipo lakini limekatika katikati ya mstari. Na wakati mwingine hakuna kosa lolote la msimbo, ila naambiwa tu kwamba programu iitwayo `cc1plus` imeuawa. Nikirudia amri ileile bila kubadilisha chochote, mara nyingi hufaulu.

Faili hilo la `viwango.h`, pamoja na mwenzake `viwango.cpp`, huandikwa na skripti ya Python inayosoma jedwali la viwango vya ushuru. Kanuni yetu ni hii:

    viwango.h viwango.cpp: jedwali.csv zalisha.py
            python3 zalisha.py

Kwa kazi moja moja, skripti huchukua dakika 2, kukompaili mafaili yote dakika 30, kuunganisha zile programu tano dakika 4, na kufungasha dakika 2. Kiongozi wetu ameamua turudi kwenye kazi moja moja kwa sababu ujenzi usiotabirika humfanya kila mtu ashuku msimbo wa mwenzake. Namwelewa, lakini dakika 38 ni nyingi mno, hasa siku ambazo umeme hukatika mtaani na betri ya laptopu haifiki hata saa moja. Je, ujenzi sambamba hauaminiki kwa asili yake, au kuna jambo tulilolikosea sisi wenyewe?

Fundi wa Makupa amejibu:

Wa alaykum salaam, ndugu. Umefanya vyema kuzieleza dalili zako kila moja peke yake, kwa sababu hapo una maradhi matatu tofauti ambayo yamekupata kwa pamoja, na dawa ya moja haiponyi jingine. Mimi nitashughulikia mawili ya kwanza, nami naamini kwamba hayo hayakuletwa na `-j8`. Yalikuwamo ndani ya Makefile yenu tangu siku iliyoandikwa.

Fikiria biriani inayopikwa nyumbani kwa shughuli. Mpishi akiwa peke yake, hukaanga vitunguu kwanza, kisha akavisaga na kuvitia katika masala, na wali akaupika kando. Hajapata kumwambia mtu yeyote kwamba vitunguu hutangulia masala, kwa kuwa mkono wake unajua. Siku akipewa wasaidizi wanne na orodha ya kazi iliyoandikwa "vitunguu, masala, wali", kila msaidizi atachukua kazi yake na kuanza papo hapo, na yule wa masala atafikia hatua ya kutia vitunguu ambavyo bado viko mbichi kwenye sinia. Orodha haikusema kwamba kazi moja yaingoja nyingine. Ilipangwa kwa mfuatano, na mpishi mmoja aliufuata mfuatano huo kwa mazoea.

Hivyo ndivyo ilivyo kwenu. Make inapoendesha kazi moja moja hupitia vitangulizi, yaani vitu ambavyo lengo (faili linalojengwa) huvihitaji kwanza, kutoka kushoto kwenda kulia, kama vilivyoandikwa. Nina hakika kwamba `viwango` imeandikwa mwanzoni mwa orodha yenu, na kwa hiyo skripti humaliza kabla faili la kwanza halijaanza kukompailiwa. Ukiongeza `-j8`, Make huangalia ni malengo gani ambayo vitangulizi vyake vilivyoandikwa vimekwisha kupatikana, na kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa kwamba mafaili ya `.o`, yaani matokeo ya kukompaili kila faili la msimbo, yanaihitaji `viwango.h`, huanza kuyajenga papo hapo bila kuingoja skripti. Kompaila ikifika kwenye mstari unaoliita faili hilo kabla ya dakika mbili za skripti kwisha, hulikosa. Mafaili mengine hufika baada ya skripti kumaliza, na ndiyo maana ukirudia amri hufaulu: mara ya pili `viwango.h` imekwisha kuwapo kwenye diski tangu jaribio la kwanza.

Andika basi uhusiano huo waziwazi, `MAFAILI_O` ikiwa ni orodha ya mafaili yenu ya `.o`:

    $(MAFAILI_O): | viwango.h

Ile alama ya wima ina kazi yake. Huiambia Make kwamba `viwango.h` lazima iwepo kabla ya mafaili hayo kuanza, lakini kubadilika kwake kusilazimishe mafaili yote 400 kujengwa upya. Kuhusu ni yapi hasa yanayoitumia, iachie kompaila yenyewe iyataje: ongeza `-MMD -MP` kwenye amri ya kukompaili, kisha mwishoni mwa Makefile weka `-include $(MAFAILI_O:.o=.d)`. Katika ujenzi wa kwanza mafaili ya `.d`, ambamo kompaila huandika orodha hiyo, hayapo bado, na hapo ile alama ya wima ndiyo inayokulinda. Kuanzia ujenzi wa pili Make hujua kwa usahihi nani anamtegemea nani.

Sasa ugonjwa wa pili, wa faili lililokatika. Watu wengi huisoma kanuni uliyoiandika kana kwamba inasema "endesha skripti mara moja, nayo itatoa mafaili mawili". Make haiisomi hivyo. Kwake hizo ni kanuni mbili zilizofupishwa, moja ya kila faili, zenye amri inayofanana. Kwa kazi moja moja hakuna dhara, kwa sababu baada ya kuendesha ya kwanza, inapofika ya pili hukuta faili tayari ni jipya. Kwa kazi sambamba huziendesha zote mbili kwa wakati mmoja, na skripti mbili zikaandika juu ya mafaili yaleyale, huku kompaila ikilisoma faili ambalo mmoja wao amelifungua upya na kulifuta. Tangu toleo 4.3, lililotoka mwaka 2020, kuna namna ya kusema kwamba malengo kadhaa huzaliwa na amri moja:

    viwango.h viwango.cpp &: jedwali.csv zalisha.py
            python3 zalisha.py

Alama `&` ndiyo tofauti pekee. Tahadhari tu kama kuna mwenzenu anayetumia kompyuta ya Apple, kwani Make inayokuja nayo ni 3.81, ya mwaka 2006, ambayo haiifahamu alama hii.

Naomba pia muirekebishe skripti yenyewe iandike kwanza kwenye faili la muda, mfano `viwango.h.muda`, kisha ilibadilishe jina mwishoni likiwa limekamilika. Kubadilisha jina ndani ya folda ileile hufanyika kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo msomaji hukuta faili la zamani au jipya, hakuti nusu. Hili litakufaa hata umeme unapokatika, kwani faili lililoandikwa nusu huwa na tarehe mpya, na Make huitazama tarehe tu. Baada ya umeme kurudi italiona limekamilika na kulipita. Na mahali popote katika Makefile weka `.DELETE_ON_ERROR:`, ili lengo ambalo amri yake imeshindwa katikati lifutwe badala ya kuachwa hapo likadhaniwa kuwa zima.

Mwalimu wa Kisauni amejibu:

Nakubaliana na Fundi kwa yote aliyoyasema, na nitaichukua ile dalili ya tatu aliyoniachia.

Programu inayoitwa `cc1plus` ndiyo kompaila yenyewe ya C++ inayofanya kazi nyuma ya `g++`. Ikiuawa bila kosa la msimbo, karibu kila mara aliyeiua ni mfumo endeshi kwa sababu RAM imekwisha. Utaukuta ushahidi ukiandika `sudo dmesg` mara tu baada ya tukio. Msimbo wa C++ wenye violezo (templates) vingi unaweza kuifanya kompaila moja itumie zaidi ya gigabaiti moja. Wewe una gigabaiti 8, na sehemu yake tayari imeshikwa na kivinjari na mfumo wenyewe. Kazi nane zikiangukia mafaili mazito kwa wakati mmoja, hesabu haikubali.

Hapa pana mazoea mabaya ambayo nimewaona wanafunzi wengi wakiyabeba, ya kuchukua idadi ya nyuzi za prosesa na kuiandika baada ya `-j` bila kufikiri zaidi. Prosesa ni mpaka mmoja, na RAM ni mpaka mwingine, na unaotangulia kufikiwa ndio unaotawala. Pima faili lenu zito kuliko yote kwa `/usr/bin/time -v`, ambayo hutaja kiwango cha juu cha kumbukumbu kilichotumika, kisha gawanya RAM iliyo huru kwa kiwango hicho. Kama faili hilo latumia gigabaiti 1.3 na una gigabaiti 6 huru, basi kazi nne ndizo zinazotosha. Na kamwe usiandike `-j` bila namba, kwa kuwa maana yake ni kwamba hakuna kikomo, na kwa mradi wa mafaili 400 laptopu itaganda hata kipanya kisisogee.

Kuna pia `-l`, mathalani `make -j8 -l6`, inayoizuia Make kuanzisha kazi mpya mzigo wa kompyuta unapofika sita. Yafaa kwenye seva inayotumiwa na watu wengi, lakini haiangalii RAM kabisa, na ule mzigo inaousoma ni wastani unaochelewa kupanda, hivyo kwa tatizo lako haitoshi.

Hatua ya kuunganisha nayo ihesabu peke yake, kwani ndiyo inayokula kumbukumbu kuliko kukompaili, hasa mkiwa na taarifa za kutafutia makosa ndani ya mafaili. Programu tano zikiunganishwa pamoja zinaweza kukuangusha hata ukiwa na `-j4`. Ninja, chombo kingine cha ujenzi kama Make, ina utaratibu mzuri wa kuweka kundi la kazi na kuliwekea kina cha moja, yaani kazi moja tu kwa wakati, ili kukompaili kuende sambamba na kuunganisha kwende kwa zamu. Make haina utaratibu huo, lakini unaweza kuitanguliza amri ya kuunganisha na `flock`:

    flock /tmp/kuunganisha.kufuli g++ -o $@ $^

Kila anayetaka kuunganisha huingoja kufuli. Kasoro yake ni kwamba anayeingoja huendelea kushika nafasi moja kati ya zile za `-j`, na hiyo ni gharama ndogo ukilinganisha na ujenzi kuuawa. Na usihamie Ninja ukidhani kwamba itakuponya yenyewe: usipoipa namba, huchukua idadi ya nyuzi na kuongeza mbili, kwa hiyo kwenye laptopu yako itaanzisha kazi kumi.

Sasa tuangalie utapata nini. Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, alionyesha mwaka 1967 kwamba ile sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo cha kasi, hata ukiongeza wafanyakazi kiasi gani. Kwa namba zako mwenyewe, skripti dakika 2, kuunganisha kwa zamu dakika 4 na kufungasha dakika 2 ni dakika 8 zisizogawanyika. Dakika 30 za kukompaili ukizigawa kwa nne ni 7 na nusu, jumla dakika 15 na nusu. Ukinunua seva ya viini 64, zile 30 zitashuka hadi karibu nusu dakika, na jumla itabaki kama 8 na nusu. Ni kama foleni ya Likoni: ukiongeza mistari ya magari upande wa kusubiria hujaongeza feri. Kwa hiyo kabla ya kufikiria mashine kubwa, itazameni ile skripti ya dakika mbili. Kusoma jedwali la ushuru kusichukue dakika mbili, na kila sekunde mtakayoipunguza hapo itapungua moja kwa moja kwenye jumla, kwa sababu mafaili yote yanaingoja.

Jambo la mwisho ni la hapa kwetu. Katika miezi ya kaskazi, chumba kisicho na feni nzuri huifanya prosesa ya laptopu ifikie upeo wa joto lake, nayo hujipunguzia kasi ili isiungue. Nimepima laptopu yangu mwezi wa Februari nikakuta kwamba `-j8` na `-j6` humaliza kwa muda uleule, kwa kuwa zile kazi mbili za ziada ziliongeza joto tu. Pima kwako kabla ya kuamini namba ya mtu mwingine, hata hii yangu.

Mpangaji wa Mji wa Kale amejibu:

Naomba radhi kutofautiana na wakubwa zangu hapa. Katika kazi yangu ya awali tulikuwa tukijenga toleo la kumpelekea mteja kwa kazi moja moja kila mara, na sababu zetu zilikuwa mbili. Kwanza, maandishi ya terminali husomeka. Kazi nane zikiandika pamoja, ujumbe wa kosa la faili moja huingiliana na onyo la jingine hata usijue limetoka wapi. Pili, toleo linalokwenda kwa mteja ni amana, na amana haichezewi kwa ajili ya kuokoa dakika ishirini. Kama mfuatano wa zamani umefanya kazi miaka yote bila kukataa, kiongozi wa ndugu yetu wa Tudor ana haki ya kuushikilia.

Fundi wa Makupa amejibu:

Ndugu wa Mji wa Kale, hoja yako ya amana naiheshimu, na kwa sababu hiyohiyo nafika mahali tofauti na wewe.

Kuhusu maandishi, tangu toleo 4.0 la mwaka 2013 kuna `--output-sync`, au kwa kifupi `-O`, inayoyakusanya maandishi ya kila lengo na kuyatoa pamoja lengo linapokwisha. Ninja hufanya hivyo bila kuambiwa. Hapo kusoma kosa si tatizo tena.

Kuhusu usalama, ujenzi wa kazi moja moja uliofaulu mara elfu umethibitisha kwamba mfuatano mmoja, ule uliotokea kuandikwa, unafanya kazi. Haukuthibitisha kwamba Makefile inasema kweli. Stuart Feldman alipoibuni Make pale Bell Labs mwaka 1976, alikusudia mwandishi aeleze nani anamtegemea nani na chombo kipange chenyewe. Ila kwa kuwa mashine za wakati huo ziliendesha kazi moja moja, ilikuwa rahisi mtu kuiandika Makefile kama orodha ya mfuatano asigundue kosa lake. Kosa hilo halisubiri `-j` peke yake. Siku mwenzenu atakapopanga majina ya mafaili kwa alfabeti ili yapendeze, ujenzi wa moja moja nao utakataa. Baya zaidi ni pale usipokataa: jedwali la ushuru likibadilika, kwa kuwa Makefile haijui ni mafaili gani yanayolitegemea, baadhi ya `.o` zitabaki na viwango vya zamani, na wakala atampa mteja wake makadirio ambayo nusu yake ni ya mwaka huu na nusu ya mwaka jana. Hapo amana imevunjika, na hakuna aliyeandika `-j`.

Kuna chombo kizuri cha kulipima hili. Toleo 4.4, la mwaka 2022, lilileta `--shuffle`, inayochanganya mpangilio wa vitangulizi kila unapojenga. Unaweza kuitumia hata kwa kazi moja moja, ujenzi ukaenda polepole na kusomeka kama upendavyo, na uhusiano usioandikwa ukajitokeza wenyewe. Ikikataa hukuandikia namba ya mchanganyo ule, ili uurudie uleule hadi ulione kosa. Ukitaka kujenga toleo la mteja kwa zamu baada ya Makefile kupita mtihani huo, sina ugomvi nawe hata kidogo.

Bi. wa Likoni amejibu:

Naongeza machache kutoka upande wa tovuti, ambako makosa yaleyale huvaa nguo nyingine.

Kama mna sehemu ya JavaScript inayojengwa kwa npm (chombo cha vifurushi na amri za JavaScript), tazameni mlivyoziunganisha amri ndani ya faili lake la `package.json`. Mkiandika `&&`, ya pili husubiri ya kwanza ifaulu. Mkiandika `&` moja, kwenye Linux ya kwanza hupelekwa nyuma na ya pili huanza hapohapo, na matokeo yanayorudishwa ni ya ile ya pili peke yake; ya kwanza ikishindwa, ujenzi husema umefaulu. Kwenye Windows alama hiyohiyo haipeleki chochote nyuma, huendesha moja kisha nyingine, na ndiyo maana tatizo huonekana kwa mtu mmoja na kutoonekana kwa mwenzake. Tulihangaika nalo siku mbili nzima. Kwa wanaotumia gulp, chombo kingine cha ujenzi cha JavaScript, tangu toleo la 4 kuna `series` na `parallel` zinazoandikwa wazi, na ninazipenda kwa sababu anayesoma huona nia ya mwandishi.

Angalieni pia msiandike `make -j8 clean all`. Kwa kazi moja moja kusafisha hutangulia na kujenga hufuata, lakini kwa kazi sambamba malengo yote mawili huanza pamoja, na mkono mmoja hufuta kile ambacho mwingine unaandika. Ziandikeni kuwa amri mbili.

Na mtakapofika kwenye majaribio, msitegemee kwamba yakipita kwa zamu yatapita sambamba. Majaribio mawili yanayofungua poti ileile ya mtandao, au yanayofuta jedwali lilelile la hifadhidata, yatagombana. Kila jaribio liombe poti namba 0, ambapo mfumo endeshi hulipa poti yoyote iliyo huru, na lipewe hifadhidata yake lenyewe.

Mkazi wa Tudor amejibu:

Shukrani zisizo na kifani kwenu nyote. Nimechukua siku nne kuyajaribu, na sasa naeleza nilichokikuta.

Ubuntu yangu haina toleo 4.4, kwa hiyo niliijenga Make mwenyewe kwenye folda ya pembeni kwa ajili ya mtihani wa `--shuffle` tu. Nilianza na Makefile ya zamani kabla ya kurekebisha chochote, kwa kazi moja moja, na ilikataa katika jaribio la kwanza kabisa. Nilipomwonyesha kiongozi wetu kwamba hapakuwa na `-j` mahali popote, alinyamaza kidogo, kisha akavuta kiti. Tulikuta mahusiano matatu yasiyoandikwa: lile la `viwango.h`, folda ya matokeo ambayo kanuni moja huiunda na nyingine huitumia, na maktaba yetu ya ndani ambayo programu mbili kati ya tano huiunganisha bila kuitaja kama kitangulizi.

Nilipima faili zito, likatumia gigabaiti 1.4, nami hubaki na gigabaiti 6 hivi nikifunga kivinjari. Nimekaa kwenye `-j4` pamoja na `flock`. Ujenzi mzima sasa huchukua kama dakika 16, na nimeurudia mara ishirini bila kukataa. Skripti bado hatujaigusa, ila tumeona kwamba hulifungua jedwali upya kwa kila mstari, kwa hiyo hapo Mwalimu hakukosea.

Limebaki swali moja. Folda yetu ya `ripoti` ina Makefile yake, na kanuni inayoiita ni `cd ripoti && make`. Nikijenga kwa `-j4` napata onyo kwamba utaratibu wa kugawa kazi haupatikani na kwamba folda hiyo itajengwa kwa `-j1`. Je, niandike `make -j4` ndani yake?

Fundi wa Makupa amejibu:

Alhamdulillahi, na mfikishie kiongozi wenu salamu zangu.

Usiandike `-j4` ndani. Ukifanya hivyo, Make ya ndani itajitenga na ya nje na kuanzisha kazi zake nne juu ya zile za nje, na RAM yako itarudi pale ilipokuwa. Make ya nje huweka vibali vichache ndani ya bomba moja ambamo Make za ndani huvichukua na kuvirudisha kazi inapokwisha, ili jumla ya kazi zote, za nje na za ndani, isizidi nne. Lakini hulikabidhi bomba hilo kwa amri tu ambayo inaitambua kuwa ni Make nyingine, na hukuitambulisha, kwa kuwa umeandika neno `make` kama programu ya kawaida. Andika hivi:

    ripoti: | viwango.h
            $(MAKE) -C ripoti

Na kama `ripoti` ni jina la folda iliyopo, iorodheshe pia chini ya `.PHONY`, orodha ya malengo yasiyo mafaili, la sivyo Make itaiona folda ipo na kudhani kwamba hakuna kazi ya kufanya. Onyo litatoweka, na mafaili ya ripoti yataanza kujengwa pamoja na mengine ndani ya zile nafasi nne.